Apajok, Mwenyekiti wa Makandarasi

Apajok alipigwa kitako cha bunduki juu ya jicho la kushoto mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru, asubuhi ya jua kali, akiwa amesimama kwenye msingi wa nyumba huko Atlabara, mtaa mmoja wa Juba. Wakati huo hakuwa mwenyekiti wa mtu yeyote. Alikuwa mkandarasi mdogo tu, mjane wa Kidinka mwenye mashine moja ya kuchanganyia zege, mafundi wa kuhesabika, na diploma ya ujenzi aliyoisomea Eldoret, mji uliomlea baada ya wazazi wake kukimbia vita vile vya zamani. Alikuwa amerudi Juba akiamini kwamba nchi inayoanza upya haiwezi kumkosesha kazi mtu anayejua kujenga.

Kazi ilikuwepo tele. Taabu ilikuwa wenye bunduki. Mtu angeweza kuamka na kiwanja chake, na kufika adhuhuri kiwanja kikawa cha mwingine, kisa huyo mwingine amekuja na askari.

Ndivyo ilivyokuwa Atlabara. Mafundi walikuwa katikati ya kumwaga zege, ndoo zikipita mkono kwa mkono, mara magari mawili yakasimama na jamaa mmoja mnene mwenye nyota mabegani akashuka. Alisema hapo ni kwake. Hakutaka kuonyeshwa chochote wala kusikia lolote. Askari wake wakawaamuru mafundi walale kifudifudi ndani ya zege bichi.

"Si mnapenda kujenga?" alisema. "Haya, jengeni kwa vifua."

Mafundi wakalala. Saruji mbichi hula ngozi kama majivu ya moto, na jua la Juba halimsubiri mtu. Haukupita muda wakaanza kupiga kelele. Apajok naye aliamriwa alale. Hakulala. Baadaye watu walisema mama yule ana roho ya simba, naye aliwaacha waseme, ila ukweli aliujua mwenyewe: magoti yalimgomea. Aliyataka yakunje, yakakataa.

"Zege linaganda," alisema. "Watafia humo."

Ndipo kitako cha bunduki kikamshukia usoni.

Alipozinduka alimwona mtu mrefu akija kutoka kiwanja cha jirani, mikono juu, nyundo ya mabati bado inaning'inia kiunoni. Alikuwa Wiyual, mkandarasi wa mapaa, Mnuer aliyekulia Nairobi. Wiyual hakugombana. Alizungumza na yule mnene polepole, kwa Kiarabu, huku akitabasamu kama mtu anayeomba njia, mpaka akakubaliwa kuwatoa watu. Aliwavuta mmoja mmoja, akawamwagia maji ndoo baada ya ndoo. Halafu akampakia Apajok kwenye boda boda, akakaa nyuma yake kumshikilia asianguke.

"Madam, wewe ni kichaa," alimwambia njiani, kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Si mimi," alijibu Apajok, damu ikimwingia mdomoni. "Ni magoti."

Wiyual alicheka mpaka mwenye boda akageuka kuwatazama.

Mwezi uliofuata, chama cha makandarasi wadogo kilikutana kwenye ukumbi wa kanisa Munuki. Mwenyekiti alikuwa mzee Arkangelo, Mbari, fundi mawe wa kutoka upande wa Yei, aliyejenga Juba tangu haijawa na barabara hata moja ya lami. Mzee alisimama akasema amechoka kuzika wanachama na kwenda kuwapigia wakubwa magoti.

"Nataka mtu ambaye hajui kulala chini," alisema. "Yupo mmoja hapa."

Aliyetangulia kuinua mkono kumuunga Apajok alikuwa Majak, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa malori ya mchanga na kokoto. Majak alikulia Khartoum, sauti yake kubwa, moyo wake mwepesi kuwaka na mwepesi kupoa. Wiyual akawa makamu. Katibu akawa Douglas, Mganda wa Masaka, mwenye lori la maji lililohudumia nusu ya viwanja vya mji. Siku hiyo walikula mbuzi, wakacheza, na Majak akamwinua Wiyual mabegani na urefu wake wote, watu wakashangilia.

Uongozi wa Apajok ulikuwa wa namna moja tu. Akisikia mwanachama amevamiwa kiwanjani, alipiga simu, na kila mwenye lori alikuja na lori lake. Waliyapanga barabarani kimyakimya, mbele na nyuma, mpaka hakuna gari la mkubwa linalopita. Kisha yeye alikaa juu ya jiwe na kungoja. Mara nyingine mkubwa alikuja wakazungumza. Mara nyingine walipigwa viboko, na huko Gudele mwanachama mmoja alipigwa risasi ya tumbo, akafa mbele yao huku akiuliza kama lori lake limefungwa. Apajok alimfumba macho kwa mkono wake. Kesho yake walirudi wakayapanga malori palepale.

Basi wakajuana kwa damu, Mdinka na Mnuer, Mbari na Mganda, wakakalishana kwenye benchi moja na kugombana kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, kwa sababu hakikuwa lugha ya nyumbani kwa yeyote kati yao. Jumapili Nyakuma, mke wa Wiyual, alikuwa akiwapikia wote kwake New Site, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Majak. Watoto wa Majak walikuwa wakila huko zaidi kuliko kwao.

Vita vipya vilianza katikati ya Desemba, mwaka wa tatu wa uhuru. Jumapili usiku mji ulisikia milio kutoka kambi za jeshi, na watu wakadhani ni ugomvi wa askari wenyewe kwa wenyewe. Kulipokucha Jumatatu, wenye bunduki walikuwa wameingia mitaani. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Waliwasemesha watu kwa Kidinka, na asiyejibu alitolewa nje. Waliwatazama wanaume paji la uso kutafuta zile chale za Kinuer. Kutoka nyumbani kwake Munuki, Apajok alimwona jirani, mwalimu mpole asiyemkosea mtu, akiburutwa kwa mguu mpaka kwenye mtaro. Aliona kisogo chake kikigonga kizingiti. Halafu akasikia mlio mmoja, na mwanamke akapiga ukemi uliokatika ghafla.

Simu yake ililia. Alikuwa Wiyual, ananong'ona.

"Tuko yadi," alisema. "Mimi, Nyakuma, na mafundi wangu. Tulipogonga kwa shemeji yako, hakufungua."

"Majak? Labda hayupo."

"Yupo. Nyakuma alimwita kwa jina la mtoto wake. Tulimsikia akipumua nyuma ya mlango. Madam, wako barabara ya juu. Wanakuja."

Yadi ya chama ilikuwa huko huko New Site, uwanja wa mabati wenye mbao, nondo na mashine za zege. Apajok alimpigia Douglas, ambaye alilala hapo karibu na lori lake.

"Mimi iko tayari," Douglas alisema kabla hajaulizwa. "Lakini Madamu, mimi peke yangu hapana. Hawa watu wanataka sura yako na lugha yako."

Jinsi Apajok alivyofika New Site, yeye mwenyewe hakupenda kuieleza. Alitembea kwa miguu, kitenge kichwani, katikati ya barabara ili aonekane. Kila alipoitwa alijibu kwa Kidinka, akitaja ukoo wake kwa sauti kubwa. Alivuka maiti ambazo nzi walikuwa wameshaanza kuzizoea. Mahali pamoja kijana mwenye bunduki alimsalimia kwa heshima, "Shikamoo mama" ya Kidinka, huku ameukanyaga mkono wa mtu aliyekuwa bado anatikisika. Apajok aliitikia salamu. Ile salamu aliyoitikia ilimkaa kooni miaka mingi.

Yadini aliwakuta watu wanane wamejibanza nyuma ya marundo ya mbao. Fundi mmoja alikuwa amepasuliwa shavu la mguu na risasi, shati limefungwa juu yake na kulowa. Nyakuma alikuwa peku. Wiyual alikuwa ameishika nyundo yake kama vile ingemsaidia kitu.

Pa kwenda palikuwa pamoja tu, kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, ambako walisikia malango yamefunguliwa. Lori la kubebea mbao lisingefaa. Wenye bunduki walikuwa wanapanda na kuzifunua. Ni Douglas aliyepiga ubavu wa tangi lake kwa kiganja.

"Hapa," alisema. "Wapite kwa mfuniko wa juu. Lakini tusimwage maji yote. Wakitaka maji na hakuna, tumekufa sisi wote."

Wakaacha maji ya kufika kiunoni kwa aliyekaa. Wakaingia mmoja mmoja kupitia tundu la juu, wa mguu akishushwa kwa kamba, Wiyual wa mwisho. Kabla ya kuinamisha kichwa alimtazama Apajok.

"Usiongee Kiswahili njiani," alimwambia.

"Najua."

Mfuniko ukafungwa, ukaachwa wazi kiasi cha kidole. Apajok akakaa mbele na Douglas. Lilipoondoka, maji yalicheza ndani, na kwa muda mfupi mtu aliyekuwa humo alikohoa. Baada ya hapo kimya.

Kizuizi cha kwanza walikipita. Cha pili kilikuwa nguzo ya umeme iliyolazwa barabarani, na vijana waliovaa nusu sare, nusu nguo za nyumbani. Pembeni yao kulikuwa na watu wamelala wamefungwa mikono, na Apajok alijilazimisha asitazame kama wanapumua.

"Ita mashi wen?" mmoja alimuuliza Douglas. Unakwenda wapi?

Apajok akadakia kwa Kidinka. Alisema yeye ni mkandarasi, anapeleka maji kwenye ujenzi wa ukuta wa kambi ya jeshi, wakubwa wanayasubiri. Kijana alilegea aliposikia lugha. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi na damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko.

"Fi moyo?" aliuliza, maana kwa Kiarabu cha Juba maji ndiyo moyo. "Mama, tufungulie tunawe."

Hapakuwa na la kufanya. Apajok alishuka. Alizunguka nyuma ya lori kwa magoti yale yale ya Atlabara, akaufungua mkono wa bomba. Maji yakatoka yakiwa na wekundu.

Kijana aliyatazama yakimpitia vidoleni.

"Mbona hivi?"

"Kutu," alisema Apajok. "Tangi limezeeka. Haya ni ya zege, si ya kunywa."

Kijana akanawa. Wenzake wakaja, wakanawa mikono, nyuso, mmoja akaosha panga. Walinawa taratibu, wakitaniana, na kila tone lililotoka Apajok alilihesabia wale waliokuwa ndani. Mwishowe kijana alifunga bomba mwenyewe, akamshukuru, akarudi nyuma hatua chache. Halafu akainua bunduki akalipiga tangi risasi mbili.

Hakuwa na sababu. Au alikuwa nayo. Apajok hakujua kamwe. Michirizi miwili ya maji iliruka barabarani, vijana wakacheka kuiona, mmoja akaweka kichwa chini yake. Kutoka ndani haikutoka sauti yoyote. Hata ya kushtuka.

"Nendeni, mama," kijana alisema. "Maji yasije yakaisha."

Douglas aliendesha huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Langoni pa kambi palikuwa na maelfu ya watu wanasukumana. Apajok alipanda juu ya tangi, akafungua mfuniko, akaita majina. Wakatoka mmoja mmoja, wakitetemeka kwa baridi katika joto lile. Wiyual alitoka akiwa amembeba Nyakuma. Risasi ilikuwa imempata chini ya mbavu, gauni limemganda mwilini, macho yako wazi. Alikuwa amekwisha kufa. Wiyual hakulia. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeng'atwa mpaka nyama, alama za meno zinaonekana moja moja. Apajok aliziona.

"Madam," alisema Wiyual. "Nisaidie kumshusha."

Walimshusha. Walimzika ndani ya uzio, kwa majembe ya kambi, bila sanduku.

Siku chache baadaye habari zilikuja kutoka Bor. Waasi walikuwa wameuteka mji, na huko kaka wa mwisho wa Majak, mlinzi wa hospitali, alikuwa amechinjwa na vijana wa Kinuer pamoja na wagonjwa aliokuwa akiwalinda. Apajok alikwenda matangani. Yule marehemu alikuwa shemeji yake pia. Alikuwa amembebea begi stendi siku aliporudi kutoka Kenya. Alilia naye Majak. Walilia wamekumbatiana, na la mlango hakuna aliyelitaja.

Chama kilikutana tena Februari, ukumbi ule ule wa Munuki, wanachama wakiwa nusu ya zamani. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia Uganda. Majak alikuja na bastola kiunoni. Alipopewa nafasi alisema maneno machache. Wiyual na Wanuer wote watolewe chamani. Kazi yake ya paa la shule, iliyobaki katikati, apewe Mdinka aimalize.

"Makamu yuko hai," alisema Apajok. "Yuko kambini kwa sababu akitoka atauawa. Hajajiuzulu."

"Ndugu zake wamemchinja ndugu yangu!"

"Si yeye."

"Wewe ni mke wa ukoo wetu!" Majak alipaza sauti, mishipa ya shingo imemsimama. "Ulipaswa kulia na sisi, si kubeba maadui kwenye matangi!"

"Nililia na wewe, shemeji. Ulisahau?" Apajok alisimama. "Na siku ile nilibeba majirani zako. Waliokugongea kwanza."

Majak akabadilika rangi. Kila mtu alielewa, na yeye aliona kwamba wameelewa. Akachomoa bastola. Pengine alitaka kuwatisha tu. Mzee Arkangelo, aliyekuwa ameketi karibu, alinyanyuka akamshika mkono, wakavutana, na risasi ikatoka. Ilimpitia mzee kiganjani, ikamkata vidole viwili vya mkono wa kuume, ikazama kwenye benchi. Watu waliruka madirishani. Mzee alikaa sakafuni akautazama ule mkono uliochonga mawe ya nusu ya makanisa ya Juba.

"Malesh," alisema kwa upole, yaani samahani, kama mtu aliyemwaga chai. "Malesh, vijana."

Majak alikimbia. Wanachama waliobaki walipiga kura palepale, damu ikiwa bado sakafuni, wakamtoa Majak na kumwacha Wiyual. Kwa kura hiyo Apajok alilipa. Ukoo wa mumewe ulimtenga. Wiki iliyofuata watu asiowajua walimvamia New Site mchana kweupe, wakaichoma yadi, wakampiga kwa nondo mpaka mkono wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Uliunga vibaya. Mzee Arkangelo aliondoka na familia yake kwenda Uganda, akafia huko kambini.

Miaka miwili iliyofuata Apajok aliongoza chama kisicho na yadi wala ukumbi. Mwisho wa kila mwezi waliobaki walikwenda mpaka lango la kambi ya Jebel, walikohamishiwa wakimbizi, na kuketi kwenye vumbi nje ya waya. Wiyual aliketi ndani ya waya. Waligombana kama zamani. Kuna kazi alizozisimamia kwa simu tu, fundi akimweleza pembe ya paa naye akimwelekeza, na paa la shule likaisha hivyo.

Julai ya mwaka wa 2016 mji uliwaka tena. Safari hii mapigano yalikuwa ya mizinga na helikopta, na eneo la Jebel ndilo lililokuwa katikati. Makombora yaliangukia kambini. Apajok alikaa siku nne chini ya kitanda Munuki na wanawake wa jirani, ukuta wa chumba cha pili ukiwa umefumuliwa. Walipotoka, mji ulikuwa umeporwa mpaka vitasa. Douglas alilikuta lori lake limeungua, limebaki vyuma. Aliagana nao akilia, akapanda basi la Nimule kurudi Masaka.

Majak alimjia mwezi uliofuata. Alichechemea, fimbo mkononi. Askari, wale wale wa lugha yake, walikuwa wamemwibia malori yote na kumvunja goti kwa sababu aliuliza wanayapeleka wapi. Alikaa kizingitini, hakuthubutu kuingia ndani.

"Nataka kurudi chamani," alisema.

"Mimi siwezi kukujibu," alisema Apajok. "Kuna mtu wa kumwona kwanza."

Alidhani atakataa. Lakini asubuhi yake walikwenda pamoja mpaka langoni Jebel, Majak akijua vizuri kwamba humo ndani kuna vijana wa kutosha kumrarua akitajwa jina. Wiyual aliitwa. Alikuja mpaka kwenye waya, amekonda, nywele zimeota mvi upande mmoja.

Majak alizungumza kwa Kiarabu, akitazama chini.

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Nyakuma aliniita Abu Deng, kama alivyoniita siku zote. Nilimsikia. Watoto wangu walikuwa wananishika miguu. Niliogopa, sikufungua. Halafu nikataka usiwepo tena mjini, nisikuone."

"Kwenye tangi," alisema Wiyual, na akasema kwa Kiswahili, kwa Apajok, "risasi ilipompata alitaka kupiga kelele. Nilimziba mdomo. Mdomo na pua, gizani, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu tulikuwa wanane. Alining'ata. Sikumwachia. Baadaye akaacha kuning'ata." Alikunja kiganja. "Sijui ni risasi iliyomuua. Sijawahi kujua."

Apajok alishika waya.

Kiswahili cha Majak kilikuwa cha kugombania chamani tu, lakini alikuwa ameelewa. Aliachia fimbo, akaanguka kwa lile goti lililovunjika, akapiga ukelele wa maumivu. Wiyual alipitisha mkono chini ya waya. Apajok alifikiri anamsaidia. Wiyual alimshika kola, akamvuta mpaka uso wake ukagonga waya wa miiba, akamshikilia hapo, damu ikimtoka Majak shavuni. Majak hakujitetea. Walinzi walipiga filimbi. Kisha Wiyual akamwachia.

"Sikusamehi," alimwambia kwa Kiarabu. "Nikikuona mahali pasipo na waya, sijui nitafanya nini." Akamgeukia Apajok. "La chama ni lenu. Pigeni kura. Kura yangu ni hapana."

Walipiga kura Jumamosi hiyo, chini ya turubai Munuki. Apajok pia alipiga hapana, kwa mkono wake mzima, hadharani, mbele ya shemeji yake. Lakini wengi walisema ndiyo. Walikuwa wamebaki wachache mno, walisema, na kila mmoja ana lake la kufichua akibanwa. Apajok alitangaza matokeo kwa sauti ile ile aliyotangazia mengine yote. Wapo waliotegemea atajiuzulu. Alisema kikao kijacho kitaanza saa mbili, asichelewe mtu.

Wiyual alitolewa Juba mwaka uliofuata na ndugu zake wa Nairobi, akapanda ndege akiwa na nyundo ndani ya mkoba mpaka wakamnyang'anya uwanjani. Sasa anaezeka paa Kitengela. Humpigia Apajok simu mara kwa mara, humuuliza habari za mkono wake, za mvua, za chama. Kuna jina moja ambalo hawalitaji.

Chama nacho kipo. Kazi yao ya kwanza baada ya moshi kutulia ilikuwa ukuta wa zahanati huko Gudele, uliobomolewa kwa kombora. Majak alileta kokoto kwa punda, maana lori hakuwa nalo. Apajok alisimama kwenye msingi akikagua nondo. Walifanya kazi mchana kutwa bila kusemezana, na jua lilipokuwa kali sana mke wa fundi mmoja aliwaletea chai, wakanywa, Apajok upande huu wa mtaro, Majak upande ule.

Saa tisa gari lenye askari lilisimama barabarani. Vijana wawili waliteremka, wakaukodolea macho ule ukuta.

"Nani mkubwa hapa?" mmoja aliuliza.

Apajok aliweka kikombe chini, akajifuta vumbi, akaenda.